Maswali ya Wasomaji: “The” Iwekwe Wapi, Iachwe Wapi?

Safu ya leo ina neno moja tu, “the” ya Kiingereza. Ni neno fupi ambalo kamusi peke yake haikutoshelezi, na ndilo linalowachongea hata watu wanaokiandika Kiingereza vizuri ikiwa lugha yao ya kwanza ni Kiswahili. Tumechagua maswali yanayojirudia.

SWALI: Tulifundishwa kwamba “a” ni ya kitu kisichojulikana na “the” ni ya kitu kinachojulikana. Lakini ninapoandika, mimi nakijua kila ninachokitaja. Je, kijulikane na nani? (Mwanafunzi wa chuo)

Kijulikane na yule anayekusikiliza au kukusoma. Kanuni uliyofundishwa ni sahihi, ila imekatwa nusu, na nusu iliyokatwa ndiyo yenye kazi. Kabla ya kuandika “the”, jiulize: mwenzangu akifika kwenye nomino hii, atajua ni kipi hasa, au atauliza “kipi?” Akiwa anajua, weka “the”. Akiwa hajui, weka “a” au “an” kama kitu ni kimoja na kinahesabika. Kama ni vingi au hakihesabiki, acha nomino peke yake.

Ukisema “I bought a car yesterday”, wewe gari unalijua, umelilipia na funguo unazo. Mwenzako ndiyo kwanza analisikia, kwa hiyo ni “a car”. Sentensi inayofuata inakuwa “The car is already in the garage”, kwa sababu sasa nyote wawili mnazungumzia gari lile lile.

Wengi huishia hapo na kukariri “mara ya kwanza a, mara ya pili the”. Hapo ndipo makosa yanapoanza, kwa sababu kutajwa kabla ni njia mojawapo tu ya kitu kujulikana. Ukimwambia mtu “Close the door, please”, mlango haujatajwa, lakini mpo chumba kimoja chenye mlango mmoja. Kikiwa na milango mitatu na yote iko wazi, “the door” itamfanya akuulize “which one?” Tazama pia hii: “I rented a house last month. The roof leaks and the kitchen is too small.” Paa na jiko vinatajwa kwa mara ya kwanza, hata hivyo vinachukua “the”, kwa kuwa nyumba ikishatajwa msomaji anajua ina paa moja na jiko moja. Lakini dirisha moja likivunjika utaandika “A window is broken”, maana madirisha ni mengi na msomaji hajui ni lipi.

Wakati mwingine utambulisho unakuja baada ya nomino. “The man who called you last night” ni mmoja, na aliyepigiwa simu anamjua. “A man who works in a bank” ni yeyote kati ya maelfu. Kwa hiyo usidhani kwamba kila nomino inayofuatwa na “who”, “which” au “of” lazima itanguliwe na “the”. Angalia kama maelezo hayo yanambakiza mmoja tu.

Hisia hii unayo tayari. Kiswahili hakina neno la kazi hiyo, lakini kina kiambishi cha mtendwa. “Nimenunua gari” na “nimelinunua gari” hazisemi jambo moja. Katika ya pili msikilizaji anajua ni gari lipi. Basi pale ambapo kwa Kiswahili ungechomeka -li-, -ki-, -u- au -zi-, kwa Kiingereza mara nyingi ni “the”. Jaribio hili usilitumie kwa watu na wanyama, kwa sababu kwao kiambishi huwekwa hata pasipo kujulikana: “nilimwona mtu mlangoni” bado ni “I saw a man at the door”.

Mwanzo wa sentensi nao una dalili yake. “Mtoto analia” kwa kawaida ni “The child is crying”. “Kuna mtoto analia” ni “A child is crying”. Palipo na “kuna” au “pana” tarajia “a”, na ndiyo sababu “There is the book on the table” husikika vibaya masikioni mwa Mwingereza anapoelezwa tu kwamba mezani pana kitabu. Sema “There is a book on the table”.

SWALI: Niliandika “The life is hard” na mwalimu akafuta “the”. Maisha si tunayajua sote? (Kidato cha tatu)

Mwalimu wako amefanya sawa. Hapo hukuzungumzia maisha fulani, umezungumzia maisha kwa ujumla wake. Kiingereza kinapotaja jambo zima bila kulikata kipande, nomino isiyohesabika husimama peke yake: “Life is hard”, “Education is important”, “Honesty pays”, “Nature needs protection”. Kosa la “the education”, “the nature” na “the society” limeenea hata kwenye ripoti za watu wenye shahada, na lingefaa kupigwa vita kuliko makosa mengine yote ya somo hili.

Ukikata kipande, “the” inarudi: “The life of a soldier is hard.” Tofauti hiyo hiyo iko kwenye maji. “Water boils at 100 degrees” inahusu maji yote katika hali ya kawaida, lakini “The water in this bucket is dirty” inahusu ya ndoo hii tu. Kwa wingi ni vivyo hivyo: “Dogs bark” ni tabia ya mbwa wote, na “The dogs barked all night” ni wale mbwa tunaowajua.

Kuna mtego mmoja mdogo. Kivumishi kikikaa mbele ya nomino, mara nyingi hakitoshi kuleta “the”, lakini kirai chenye “of” kikija nyuma huileta. Ndiyo maana tunasema “European history” na pia “the history of Europe”, ingawa somo ni moja.

Jaribio la haraka: ongeza “kwa ujumla” kwenye sentensi yako. “Elimu kwa ujumla ni muhimu” inakubali, basi usiweke “the”. “Maji kwa ujumla ya ndoo hii ni machafu” inakataa, basi iweke.

Utakutana pia na sentensi kama “The elephant is the largest land animal”, ambapo tembo mmoja anasimama badala ya tembo wote. Hiyo ipo na ni sahihi, zaidi katika maandishi ya sayansi na yanapotajwa mavumbuzi, kama “The telephone changed business”. Kwa matumizi ya kila siku wingi bila “the” ni salama zaidi: “Elephants eat grass.” Na ukitaka kutaja kundi la watu kwa sifa yao, weka “the” mbele ya kivumishi: “the poor”, “the rich”, “the blind”. Kitenzi chake huwa cha wingi, “The poor are suffering”, na kivumishi chenyewe hakiongezwi “s”.

SWALI: Kwa nini ni “go to school” lakini ni “go to the bank”? (Mzazi)

Kwa sababu “school” hapo si jengo, ni shughuli. Mwanafunzi “goes to school”, mgonjwa aliyelazwa yuko “in hospital”, mfungwa yuko “in prison”, muumini huenda “to church”, na anayelala yuko “in bed”. Wote wapo pale kwa kazi yenyewe ya mahali pale. Wewe mzazi ukienda kulipa ada, unakwenda “to the school”, na ukienda kumwona mgonjwa unakwenda “to the hospital”.

Marekani husema “in the hospital” hata kwa aliyelazwa, kwa hiyo usimsahihishe anayesema hivyo. Benki, sinema, soko, posta na daktari hazimo katika kundi hili popote. Zenyewe ni “the bank”, “the cinema”, “the market”, “the post office”, “the doctor”. “Home” haina “the” wala “to”: “I am going home.” Kazini ni “at work”.

SWALI: Nimeandika barua ya kuomba kazi. Naomba muisahihishe kwa upande wa “the” na “a” tu. (Mhasibu anayetafuta kazi)

Kipande ulichotuletea ni hiki:

“I am writing to apply for a post of the accountant advertised in newspaper. I am the graduate of University of London and I have the experience in the accounting. The most of my work was with the customers. I can use computer. I am ready to attend interview at time you will choose.”

Na hivi ndivyo tungekiandika:

“I am writing to apply for the post of accountant advertised in yesterday’s newspaper. I am a graduate of the University of London and I have experience in accounting. Most of my work was with customers. I can use a computer. I am ready to attend an interview at any time you choose.”

Nafasi ni “the post” kwa kuwa wao ndio walioitangaza na maneno yanayofuata yanaonyesha ni ipi. Baada ya “post of”, “position of” na “role of”, jina la cheo hukaa peke yake, kwa hiyo “accountant” haina kitu mbele. Ukisema “I am the graduate” unamaanisha chuo kile kimetoa mhitimu mmoja tu, yaani wewe. Kazi na sifa za mtu huchukua “a”: “I am a teacher”, “She is a nurse”. Cheo chenye mtu mmoja mahali fulani huchukua “the”, kama “She is the head of this department”.

“Experience” kwa maana ya uzoefu wa kazi haihesabiki, basi haina “an”, na kwa kuwa unautaja uzoefu tu bila kuubainisha, haina “the” pia. Ingekuwa “I have the experience required for this post”, “the” ingekaa vizuri, kwa sababu sasa ni uzoefu ule mahususi walioutaka. Nayo “an experience” ni tukio lililokupata, jambo jingine kabisa.

Makosa mengine manne, “in newspaper”, “use computer”, “attend interview” na “at time”, yana chanzo kimoja, nacho ndicho tunachokusihi ukishike kuliko vyote: kwa Kiingereza, nomino inayohesabika ikiwa katika umoja haisimami uchi. Lazima itanguliwe na kitu, kiwe “a”, “the”, “my”, “this”, “each”, “any” au mfano wa hayo. Zinazoachwa uchi ni zile za mafungu yaliyoganda, kama “by bus”, “at school”, “in bed” na “on foot”. Kwenye gazeti tungeweza kuandika “the newspaper”, lakini kutaja ni la lini, au jina lake, kunamsaidia msomaji zaidi.

Ukimaliza kuandika barua yoyote, ipitie mara tatu, kila mara kwa jicho moja tu. Mara ya kwanza zungushia kila nomino ya umoja inayohesabika na uone kama imevikwa. Mara ya pili pitia kila “the” na uulize kwa sauti “kipi?” Kama msomaji hana jibu, ibadilishe. Mara ya tatu tazama nomino za wingi na zisizohesabika, hasa zilizoanza sentensi, na ufute “the” pale ulipozungumza kwa ujumla. Ukijaribu kuyafanya yote kwa pamoja utaruka mengi, kwa sababu jicho hufuata maana ya barua na kuyaacha maneno madogo.

SWALI: Nchi nyingine zina “the” na nyingine hazina. Je, kuna mpangilio? (Mtafsiri)

Upo, tena unaaminika kuliko watu wanavyodhani. Jina la nchi la kawaida halina “the”: Kenya, France, China. Jina likibeba neno la kawaida la aina ya dola, kama “kingdom”, “republic”, “states” au “union”, linachukua “the”: “the United Kingdom”, “the United States”, “the Republic of Kenya”. Majina ya wingi nayo huchukua: “the Netherlands”, “the Philippines”, “the Maldives”. “The Gambia” ni ya kukariri. Ukraine zamani iliandikwa “the Ukraine”, lakini tangu ipate uhuru mwaka 1991 matumizi yamegeuka, na leo “the” hiyo huonekana kama kuikosea heshima nchi ile. Iache.

Kwa maumbile ya nchi, kumbuka maji yanayotiririka au kuenea sana: mito, bahari na mifereji ina “the”, kama “the Nile”, “the Indian Ocean”, “the Suez Canal”. Ziwa moja halina: “Lake Victoria”. Mlima mmoja hauna, “Mount Everest”, lakini safu ya milima inayo, “the Himalayas”. Kisiwa kimoja hakina, funguvisiwa linayo, kama “the Bahamas”. Majangwa yanayo: “the Sahara”. Mabara hayana.

Ukiwa mtafsiri, shida zaidi utaipata kwenye mashirika. Kifupi kinachosomwa herufi moja moja mara nyingi kina “the”: “the UN”, “the EU”, “the BBC”, “the IMF”. Kinachosomwa kama neno hakina: UNESCO, UNICEF, NATO, FIFA. Kampuni na vyuo huvunja kanuni hii, maana IBM na MIT husomwa kwa herufi na hazina “the”. Na kifupi kikiwa mbele ya nomino nyingine, kinachochagua ni nomino ile ya mwisho: “a UN official”, “a BBC reporter”.

Kwa vyuo, mpangilio wa maneno ndio unaoamua. “The University of Oxford” ina “the”, “Oxford University” haina. Mifano yote miwili inataja chuo kile kile.

SWALI: Je, ni “most people”, “the most people” au “most of people”? (Karani)

“Most people” kwa ujumla, na “most of the people in this room” kwa kundi linalojulikana. “Most of people” haipo. “The most” ni ya kushindanisha: “Who has the most money?”

Kwa kuwa Kiswahili husema “wanafunzi wote”, wengi huanza na “the” kisha wakachomeka “all” baada yake, “the all students”. Mpangilio wa Kiingereza ni “all the students”, “both the students”, “half the money”. “The” huja baada ya maneno hayo. Angalia pia jozi hii ambayo hubadilisha kitenzi: “A number of students are absent” ni wanafunzi kadhaa, lakini “The number of students is small” ni idadi yenyewe. Na “same”, “only” inapobainisha kimoja tu, “first” na “best” mbele ya nomino huambatana na “the” karibu kila mara, isipokuwa kimilikishi kimechukua nafasi yake: “my first job”. “The my first job” ni kosa, kwa sababu viwili hivyo havikai pamoja. “The teacher’s book” ni sahihi kwa kuwa “the” hapo ni ya mwalimu.

SWALI: “Next week” au “the next week”? (Msomaji)

Ukihesabu kuanzia sasa unapozungumza ni “next week”. Ukisimulia mambo yaliyopita na ukahesabu kuanzia wakati wa masimulizi ni “the next week”. Siku na miaka haina “the”, “on Monday”, “in 1998”, lakini miongo inayo: “in the 1990s”. Asubuhi ni “in the morning”, usiku ni “at night”. Tarehe huandikwa “5 May” na kusomwa “the fifth of May”.

SWALI: Wengine hutamka kama “dha”, wengine “dhi”. Nani yuko sahihi? (Mtangazaji chipukizi)

Wote wawili, kila mmoja mahali pake. Kwanza sauti ya mwanzo: inaandikwa “th” lakini ni “dh” ya “dhahabu”, si “th” ya “thamani”, na wala si “z”. Ulimi uguse ncha za meno ya juu na koo litetemeke.

Mbele ya konsonanti irabu yake ni hafifu, midomo imelegea, karibu na “dha” iliyokatwa: “the car”, “the book”. Mbele ya irabu ni “dhi”: “the apple”, “the end”. Kinachohesabika ni sauti, si herufi. “Hour” huanza na herufi “h” lakini haitamkwi, basi ni “dhi”. “University” na “European” zinaanza na sauti ya “y”, basi ni “dha”, sawa na “the UN”. “One” huanza na sauti ya “w”, nayo ni “dha”. “The MP” na “the X-ray” ni “dhi”, kwa kuwa M hutamkwa “em” na X hutamkwa “eks”. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayochagua kati ya “a” na “an”, kwa hiyo ukiimudu moja umezimudu zote mbili.

Kuna na ya tatu, ya mkazo. Mtu akikuambia amekutana na William Shakespeare, ukataka kuhakikisha kama ni yule mwandishi mashuhuri au mtu mwingine mwenye jina hilo, utauliza “The William Shakespeare?” Hapo ni “dhii”, ndefu na nzito, hata kama inayofuata ni konsonanti.